Losheni inakatika: je, niongeze emulsifaya?

Swali: "Natengeneza losheni ya mwili hapa Tanga kwa ajili ya kuuza. Kwa kila gramu 100 naweka mafuta ya nazi 20, asidi ya steariki 4, setili alkoholi 2, gliserini 3, trietanolamini 1, na 70 zilizobaki ni maji pamoja na kihifadhi kidogo. Nilipokuwa natumia maji yaliyokenekwa haikunisumbua. Tangu nihamie maji ya kisima inajitenga ndani ya wiki. Nikaambiwa pH iko juu, nikatia kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwenye nusu kilo, ikakatika palepale kama tui. Mara nyingine niliongeza mafuta mpaka nusu, nikawa namimina maji kidogo kidogo ndani ya mafuta. Ikatoka nzito, inang'aa, haitoki mkononi kwa maji. Anayeniuzia malighafi anasema dawa ni kuongeza emulsifaya. Ni kweli? Na je, naweza kuweka maji ya shubiri badala ya maji ya kawaida?"

Dada yangu, vipimo vyako vya mizani havina tatizo. Ninachokipinga ni huo ushauri wa kuongeza emulsifaya. Mikasa mitatu uliyoieleza inaonekana kila mmoja una njia yake, lakini chanzo ni kimoja: emulsifaya yako, yaani kile kinachoshikanisha mafuta na maji, ni sabuni, na kila mara uliifanyia jambo lililoibadilisha tabia. Mara ya kwanza ilikuwa chokaa ya kisima, mara ya pili asidi, mara ya tatu wingi wa mafuta na namna ulivyomimina.

Utaniuliza sabuni gani, maana hukutia sabuni. Uliitia bila kuinunua. Asidi ya steariki inakaa upande wa mafuta, trietanolamini inakaa upande wa maji, na zikikutana zikiwa za moto kwenye mpaka wa mafuta na maji huzaa steariti ya trietanolamini, ambayo ni sabuni kamili. Uzuri wa mapishi haya ya kizamani ni kwamba sabuni inazaliwa palepale inapotakiwa, ndiyo maana hata mtu asiye na mashine hupata losheni laini. Gramu 4 za asidi ya steariki ni kama milimoli 14 (milimoli ni kipimo cha kuhesabu molekuli), na gramu 1 ya trietanolamini ni kama milimoli 6.7. Kwa hiyo karibu nusu ya asidi inageuka sabuni na nusu inabaki ilivyo. Nusu hiyo haipotei bure. Losheni ikipoa, asidi iliyobaki, setili alkoholi na sehemu ya sabuni hujipanga tabaka kwa tabaka na kushika maji katikati yake, na huo ndio unene unaouona siku ya pili.

Sasa tuhesabu kama emulsifaya inapungua. Molekuli ya sabuni ina kichwa chenye chaji kinachopenda maji, na mkia mrefu unaopenda mafuta. Inasimama mpakani, kichwa huku, mkia kule. Tuseme blenda yako ya mkono inatoa matone ya mafuta yenye kipenyo cha mikromita 2. Gramu 20 za mafuta zikikatwakatwa kwa ukubwa huo, uso wa matone yote kwa jumla ni kama mita za mraba 65. Molekuli moja ya sabuni iliyosimama imejibana inachukua takribani nanomita za mraba 0.4. Ukigawanya, unahitaji milimoli 0.27 kuufunika uso wote kwa tabaka moja. Wewe unazo 6.7, zaidi ya mara ishirini. Hata ungechapa mpaka matone yafike nusu mikromita, uso ungeongezeka mara nne tu, na sabuni bado ingezidi.

Kwa hiyo ukiongeza emulsifaya ya aina ileile, ziada haiendi kwenye uso wa tone, kwa sababu hapo pamejaa. Inakwenda kwenye zile tabaka za majini: losheni inakuwa nzito zaidi, inaacha weupe ngozini mtu anapoipaka, na gharama inapanda. Tena unene huo unaweza kukupumbaza. Losheni nzito huchelewa kuonyesha ugonjwa wake, ukadhani umepona, kumbe utaletewa chupa na mteja baada ya mwezi.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyaita kujitenga. Kuna matone kupanda juu yakiwa bado mazima, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Hapo unaona tabaka jeupe juu na maji ya ukungu chini, na ukitikisa chupa yanarudi. Na kuna kukatika kwenyewe: matone yameungana, mafuta yanaelea juu wazi wazi, na kutikisa hakusaidii. Kupanda ni suala la ukubwa wa tone na mnato. Tone la mikromita 2 kwenye maji matupu hupanda kama milimita 15 kwa siku. Tone la mikromita 10 hupanda mara 25 ya hapo, maana kasi inafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Mnato wa maji ukiongezeka mara elfu, tone lile la mikromita 2 linapanda milimita tano au sita kwa mwaka mzima. Basi kama chupa yako inarudi ikitikiswa, chapa vizuri zaidi au ongeza mnato, yatakwisha. Lakini ulivyoandika "inajitenga", ukafuatisha habari ya kisima, nahisi unaona mafuta wazi. Hapo ngozi ya tone, lile tabaka la sabuni mpakani, imeharibika.

Imeharibiwa na nini? Tanga mmekaa juu ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa iliyoliwa na maji kwa karne na karne, na kilicholiwa na maji kinabaki ndani ya maji. Maji ya namna hiyo yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ndiyo yale yanayokataa kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye karai baada ya kuoga. Ule utando ni sabuni ya kalsiamu: ayoni moja ya kalsiamu imekamata molekuli mbili za sabuni, na matokeo yake hayayeyuki tena majini.

Chukua maji magumu ya kawaida, yenye miligramu 300 kwa lita kwa hesabu ya kabonati ya kalsiamu. Gramu 70 za maji hayo zina milimoli 0.21 za kalsiamu, zinazoweza kukamata milimoli 0.42 za sabuni. Ukilinganisha na zile 6.7 ni kama asilimia 6, na hapo ndipo wengi wanaposema "aa, kidogo hicho". Ilinganishe na namba nyingine: uso wote wa matone unahitaji 0.27. Sabuni ya kalsiamu iliyozaliwa inazidi kinachotosha kuufunika uso mzima, na kwa kuwa majini haikai, inakimbilia mpakani. Si yote itakayofika, nyingine itaganda chembechembe pembeni. Lakini sehemu yake tu ikifika inatosha kuitoboa ngozi uliyoitengeneza kwa taabu.

Na inapofika haikai kimya, inavuta kuelekea upande wa pili kabisa. Mwaka 1916 George Clowes, mtafiti wa Buffalo, Marekani, aliyekuwa akifikiria utando wa seli hai, alichapisha majaribio juu ya jambo hili. Mafuta ya zeituni na maji vikiunganishwa na sabuni ya sodiamu hutoa matone ya mafuta ndani ya maji. Ukitia kloridi ya kalsiamu kiasi cha kutosha, mchanganyiko unageuka: maji ndiyo yanayokuwa matone, mafuta yanakuwa nje yakiyabeba. Sodiamu ikirudi kushinda, unageuka tena. Mafuta ni yaleyale na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni madini yaliyoshika kichwa cha sabuni.

Miaka mitatu kabla yake, 1913, Wilder Bancroft wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa ameshatoa kanuni ambayo hadi leo ndiyo ya kwanza kufundishwa: upande ambao safaktanti (kitu kinachosimama mpakani mwa mafuta na maji, kama sabuni) inayeyuka zaidi ndio unaokuwa nje, unaobeba. Sabuni ya trietanolamini inapenda maji, kwa hiyo maji yanakuwa nje, na losheni inaoshika. Sabuni ya kalsiamu inapenda mafuta, kwa hiyo mafuta yanataka kuwa nje. Ukiwa nazo zote mbili kwenye tone moja, zinavutana.

Sababu ya kanuni hiyo watu walibishana juu yake miongo mingi. Maelezo ya zamani yalisema ni umbo la molekuli. Sabuni ya chaji ina kichwa kinene kilichojizungushia maji na mkia mmoja, kwa hiyo mpaka hupinda kuyazunguka mafuta; sabuni ya kalsiamu ina mikia miwili na kichwa kikavu, mpaka hupinda kuyazunguka maji. Wapinzani wakajibu, na walikuwa na haki, kwamba tone la mikromita 2 ni kubwa mara mamia kuliko molekuli, na kwa molekuli iliyosimama juu yake uso ule ni tambarare tu, umbo lake litahusu nini? Jibu ninaloliona bora lilitolewa na Alexey Kabalnov na Håkan Wennerström mwaka 1996. Matone mawili hayaungani yanapogusana. Yanaungana pale tundu dogo linapofunguka kwenye kiwambo cha maji kilicho katikati yao, na ukingo wa tundu hilo ni mdogo sana, umepinda kwa nguvu kuyazunguka maji. Sabuni ya kichwa kinene haikubali kupinda hivyo, kwa hiyo tundu linajifunga. Sabuni ya mikia miwili inalipenda pindo hilo, na tundu linapanuka. Kwa maneno mengine, losheni yako haihitaji kugeuka kabisa ndipo ife. Inatosha kusogezwa karibu na mahali pa kugeukia, pale ambapo safaktanti haipendelei maji wala mafuta. Hapo mvutano wa mpaka ni mdogo kabisa, matone huzaliwa kwa urahisi wa ajabu, na huungana kwa urahisi uleule. Unachapa, inatoka nyeupe na kupendeza, baada ya siku sita ina mafuta juu.

Ukitaka kuona upande wa pili ukifanya kazi vizuri, chukua kopo la bluu la krimu ya Nivea, iliyoanza kuuzwa Hamburg mwaka 1911. Maji ndiyo ya kwanza kutajwa kwenye orodha ya viambato, lakini yamo ndani, matone kwa matone. Mafuta ndiyo yanayoyabeba. Safaktanti yake kuu ilitokana na mafuta ya sufu ya kondoo, yenye kupenda mafuta. Kwenye orodha hiyohiyo mara nyingi utakuta steariti za aluminiamu na magnesiamu, na chumvi ya magnesiamu pia. Madini yaliyoiua losheni yako ni ya jamii ileile inayosaidia kuishikilia krimu ile.

Sasa dawa ya kisima. Iliyo rahisi kuliko zote ni kurudi kwenye maji yaliyokenekwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, yakachujwa na kuchemshwa, pia hayana chokaa. Kama lazima kisima, yachemshe dakika kumi, yaache yatulie, mimina ya juu tu: ugumu unaotokana na chokaa sehemu kubwa hujishikiza chini na kwenye kuta za sufuria. Ila kuchemsha hakuondoi chumvi ya kawaida, wala ugumu wa aina nyingine. Kwa hiyo kama maji yana ladha ya chumvi, kama visima vingi vya karibu na bahari, yaache kabisa. Chumvi hudhoofisha ile chaji ya vichwa vya sabuni inayofanya matone yafukuzane.

Njia nyingine ni EDTA ya disodiamu, ambayo wauza malighafi wanayo. Molekuli moja inakamata ayoni moja ya kalsiamu na kuishikilia. Gramu 0.1 kwa gramu 100 za losheni ni milimoli 0.27, inatosha maji yenye ugumu wa hadi karibu miligramu 380 kwa lita. Iyeyushe kwenye maji kwanza, kabla hayajakutana na asidi ya steariki. Ukiitia mwisho, sabuni ya kalsiamu imeshajiganda, na EDTA itapata shida kuifikia.

Tuje kwenye asidi ya sitriki. Aliyekuambia pH iko juu, yaani asidi ni chache mno, alikuwa anazungumzia losheni nyingine. Losheni ya trietanolamini na steariki kwa kawaida hukaa karibu na 8, na lazima ikae karibu na hapo, kwa sababu sabuni ni sabuni ikiwa tu kichwa chake kina chaji. Ukishusha pH, kichwa kinarudishiwa hidrojeni, na sabuni inarudi kuwa asidi ya steariki, isiyo na chaji wala hamu ya maji. Kijiko cha chai kina kama gramu 5 za sitriki. Kwenye nusu kilo ni gramu 1 kwa kila gramu 100. Gramu hiyo ina uwezo wa kutoa kama milimoli 15 za hidrojeni, na sabuni yako yote ilikuwa milimoli 6.7. Uliifuta emulsifaya kwa asilimia mia, mara mbili yake. Hakuna kuchapa wala emulsifaya ya ziada ya aina hiyohiyo ambayo ingesimama. Hapo ulipoilinganisha na tui ulilenga karibu kuliko ulivyodhani: tui linashikiliwa na protini za nazi zenye chaji, na ndimu hulikata kwa kuziondolea chaji hiyo, ingawa moto nao una njia yake ya kulikata, kwa kuziharibu protini zenyewe.

Kama wateja wako wanataka pH ya chini, badilisha emulsifaya. Aina ambazo hazina chaji hazijali asidi wala chokaa kwa kiasi hicho. Hapa ndipo utakutana na namba za HLB, yaani uwiano wa kupenda maji na kupenda mafuta. William Griffin, aliyekuwa mkemia wa kampuni ya Atlas Powder, alizileta mwaka 1949 ili watu waache kubahatisha: kwa safaktanti nyingi zisizo na chaji, chukua sehemu ya uzito wa molekuli inayopenda maji, zidisha kwa 20. Namba ndogo, kama 3 hadi 6, huvuta maji yawe ndani; kuanzia 8 kwenda juu, mafuta yawe ndani. Steariti ya gliserili ya kawaida ina 3.8, polisobeti 60 ina 14.9. Kila mafuta nayo yana namba yanayoitaka. Mafuta ya nazi huwekwa karibu na 8, parafini ya maji kama 10 au 11. Ukichanganya polisobeti asilimia 38 na steariti ya gliserili asilimia 62 unapata 8. Kwa gramu 5 za emulsifaya ni gramu 1.9 na 3.1. Anzia hapo, kisha jaribu 9 na 10, maana setili alkoholi na manukato nayo yana sauti yake.

Mimi HLB naitumia kama mahali pa kuanzia tu. Haisemi lolote kuhusu joto, chumvi, wala kiasi cha kuweka, na mchanganyiko wa mbili kwa kawaida hushinda moja yenye namba ileile, kwa sababu molekuli ndogo huziba nafasi kati ya vichwa vikubwa. Halafu angalia unachonunua. "Waksi ya kuemulsisha" ni jina la vitu viwili tofauti. Ya Waingereza ni alkoholi za setili na stearili sehemu tisa na laurili salfeti ya sodiamu sehemu moja, kwa hiyo ina chaji hasi. Ya Wamarekani kwa kawaida ina polisobeti badala yake, haina chaji. Ukichukua ya kwanza ukaichanganya na kiambato cha kulainisha nywele chenye chaji chanya, vitakamatana na kuanguka pamoja. Muulize muuzaji ndani kuna nini, na akisema hajui, nunua kwingine. Na ukibaki na trietanolamini, usitumie kihifadhi cha bronopoli, kwa sababu vikikaa pamoja vinaweza kuzaa nitrosamini.

Ile nzito inayong'aa sasa. Ulifanya mambo matatu kwa mkupuo. Uliongeza mafuta hadi nusu. Ulianza na mafuta chomboni na kuyapelekea maji kidogo kidogo. Na, nadhani, maji yalikuwa yaleyale ya kisima. Unapoanza hivyo, matone ya kwanza lazima yawe ya maji, kwa kuwa ndiyo machache. Kadiri unavyozidi kumimina, matone ya maji yanasongamana, unene unapanda, kisha kama safaktanti inapenda maji, ghafla mchanganyiko unageuka: mafuta yanakuwa ndani, unene unaporomoka, weupe unabadilika. Watengenezaji wazoefu hufanya hivi kwa makusudi, maana ule mgeuko ukipitiwa vizuri, kwa moto na kuchapa kusikokatika, huacha matone madogo kuliko ambayo mkono ungeyapata. Wewe hukuufikia. Sabuni iliyotekwa na kalsiamu, pamoja na asidi ya steariki na setili alkoholi zilizomo kwenye mafuta, zilipunguza hamu ya kugeuka, maji yakaisha kabla, ikapoa ikiwa upande usioutaka.

Utasikia watu wakisema mgeuko hutokea matone yakifika asilimia 74 ya ujazo. Hesabu hiyo ni ya Wolfgang Ostwald, mwaka 1910, na kwa mipira migumu ya ukubwa mmoja ni sahihi, haiwezi kubanana zaidi ya hapo. Matone hayafuati, yanabonyea. Mayonezi ina mafuta kuzidi hapo na bado maji yako nje, kwa sababu kiini cha yai kinayashikilia. Ujazo unasukuma, safaktanti ndiyo inayoamua wapi pa kukubali.

Ukitaka kujua uko upande gani, dondosha tone la losheni kwenye glasi ya maji. Likisambaa na kuyafanya maji kuwa meupe, maji yako nje. Likibaki bonge linaloelea, mafuta yako nje. Fundi umeme naye anaweza kukusaidia kwa kipimo chake: losheni ambayo maji yako nje hupitisha umeme, ile nyingine karibu haipitishi.

Kuhusu joto nitasema machache, ila usiyapuuze ukihamia emulsifaya zisizo na chaji. Nyingi kati yake hushika maji kwa mnyororo wenye atomi za oksijeni, na joto hulegeza mshiko huo, kwa hiyo zikipashwa huanza kupenda mafuta. Kozo Shinoda wa Japani alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kila mchanganyiko wa namna hiyo una joto lake la kugeukia, na kwamba losheni inadumu ikihifadhiwa mbali chini ya joto hilo, angalau nyuzi 20 hivi. Buti ya gari lililoegeshwa juani hufika nyuzi 50 bila shida, kwa hiyo mchanganyiko unaogeukia 60 si wa kusafirisha. Sabuni haina ugonjwa huo. Lakini mafuta ya nazi yana wake: huganda chini ya nyuzi 24 au 25. Chupa ikipelekwa Lushoto au Arusha msimu wa baridi, fuwele za mafuta huchomoza nje ya tone na kulichoma jirani yake, na zikirudi kuyeyuka matone hayo yanakuwa moja. Kama unauza huko, badilisha nusu ya nazi kwa mafuta yasiyoganda, kama ya alizeti.

Jaribio ninalokupendekeza kabla hujanunua chochote: tengeneza chupa tatu ndogo za mapishi yako yaleyale, mafuta na maji vyote vikiwa na nyuzi 75 unapovikutanisha, maana asidi ya steariki inayeyuka karibu na 69 na ikipoa mapema huganda punje. Moja kwa maji yaliyokenekwa, moja kwa maji ya kisima, moja kwa maji ya kisima yenye EDTA. Ziweke mahali pa joto, karibu na bati, mwezi mmoja. Kama ya tatu inafuata ya kwanza, tatizo ni chokaa. Kama inafuata ya pili, huenda kisima chako kina chumvi nyingi pia, au ugumu unaozidi EDTA uliyoweka, na hapo achana nacho.

Na shubiri: kwenye mapishi haya ya sabuni, usiweke. Maji ya shubiri yana asidi, pH yake ni 4 hadi 5 hivi, na yana kalsiamu na magnesiamu yake mwenyewe, kwa hiyo yanakuletea matatizo yako mawili ya kwanza ndani ya kikombe kimoja. Ukihamia polisobeti na steariti ya gliserili, weka, ukianzia asilimia 10 ya maji, na ongeza umakini kwenye kihifadhi, maana shubiri ina sukari na vijidudu vinaipenda.